Walionishikia Kamba

Niliamshwa na ngumi zilizokuwa zikigonga ubavu wa chombo chetu cha matanga. Ilikuwa saa nane usiku, tumetia nanga katika Ghuba ya Admiralty, kisiwani Bequia, mashariki mwa Bahari ya Karibi, na hazijatimia wiki tatu tangu tumalize kuvuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari. Nilipochungulia nje, mvua ilinichapa usoni. Chini yangu, ndani ya boti ya mpira, alikuwapo mzee aliyelowa chepechepe katika nguo zake za kulalia, mkono mmoja umeshikilia ukingo wetu.

"Nanga yenu haishiki," alisema. "Mnarudi kinyumenyume. Washeni injini sasa hivi."

Mume wangu aliruka kwenye injini, mimi nikakimbilia omo, kule mbele ya chombo. Nyuma yetu kulikuwa na chombo kikubwa cha chuma, na kila nilipomulika tochi nilikiona kimesogea zaidi. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeteremsha mita 20 za mnyororo kwenye kina cha mita 6, kwa sababu jioni ile bahari ilikuwa imelala kama maji ya mtungini. Hesabu ya mabaharia ni kuteremsha walau mara tano ya kina, na upepo ukichafuka, mara saba. Mzee hakutusomea hesabu hiyo. Aliomba nanga yetu ya akiba, akaipakia kwenye boti yake pamoja na kamba, akaipeleka joshini, upande upepo unakotoka, na kuiangusha, kisha akangoja nasi mvuani mpaka kamba ikakaza na chombo kikatulia. Akaondoka bila kungoja ahsante.

Asubuhi nilimpelekea zawadi. Aliitazama, akaniuliza, "Macho yako yanaona vizuri?"

Tanga lake kuu lilikuwa limefumuka mshono kiasi cha mita nzima, naye alikuwa haoni tena tundu la sindano. Nikakaa kwenye sitaha yake mpaka jua la utosi, nimevaa ngozi ya kiganjani wanayotumia washona matanga, nikisukuma sindano huku yeye akinivutia kitambaa. Tulipofika mwisho wa mshono, nilikuwa najua kwamba mkewe alifariki miaka minne nyuma na kwamba chombo kile walikijenga wawili. Naye alikuwa anajua kwamba naogopa zamu za usiku baharini, jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mume wangu.

Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi moyoni. Niliingia katika maisha haya ya kuishi chomboni nikiamini kwamba mtu mwenye heshima hujitosheleza, na kwamba kuomba msaada ni kumbebesha mwenzio mzigo wako. Miezi yetu ya mwanzo tulipita bandari baada ya bandari tukisalimia kwa mbali, na kila bandari tuliiacha kama tulivyoikuta. Kumbe mlango ulikuwa pale pale siku zote. Nchi kavu nilizoea kumfahamu mtu polepole, miaka ipite, ndipo nithubutu kumwomba kitu. Kwenye vyombo mambo huanzia mkiani: mtu anakushikia kamba kwanza, jina lake utalijua baadaye. Na nilichokifurahia kuliko yote ni kwamba Mzee, kwa kuniomba nishone, alinitoa kwenye deni na kuniweka kwenye ujirani.

Majina yenyewe yana namna yake. Watu huitana kwa jina la chombo. Nimekaa miezi sita na watu ninaowapenda bila kujua jina la ukoo wao wala kazi waliyoifanya kabla. Hakuna anayeuliza. Wanachokuuliza ni umetoka wapi, nanga yako ni ya kilo ngapi, injini inakusumbua nini. Fundi wa bomba na daktari wa upasuaji wanalala kifudifudi juu ya ngama moja, kule chini kabisa ya chombo, wakitafuta maji yanaingilia wapi, na mara nyingi fundi wa bomba ndiye anayeyaona.

Mzee tulimkuta tena Panama. Kupita kwenye Mfereji, kila chombo kidogo lazima kiwe na watu wanne wa kushika kamba, mbali na nahodha, na mbali na mwongozaji anayeletwa na mamlaka ya mfereji. Sisi tulikuwa wawili. Yeye alikuwa peke yake. Kwa hiyo watu huazimana: leo unashika kamba kwenye chombo cha mwenzio, unarudi kwa basi hadi upande ulikoanzia, wiki ijayo yeye anashika kwenye chako. Tulivuka na Mzee kwanza, pamoja na baba na mama wa familia moja yenye watoto wawili. Siku tisa baadaye wote watatu wakarudi kutuvusha sisi, na watoto wakaja nao.

Sijui kama nitaweza kumweleza asiyewahi kuwamo ndani ya malango yale. Kule Gatun kuna vyumba vitatu vya maji vinavyokupandisha mita 26 kutoka usawa wa Atlantiki hadi ziwani. Milango inafungwa nyuma yako, kuta zimekuzidi urefu pande zote mbili, halafu maji yanaanza kuingia kutoka sakafuni na bwawa zima linachemka. Kamba nne, kila moja ya mita 38 au zaidi, zinatoka kwenye pembe nne za chombo hadi juu ukutani. Chombo kinapopanda kamba zinalegea, na kila mshikaji lazima avute ulegevu wake kwa kadiri ile ile ya wenzake. Mmoja akichelewa kidogo tu, omo inageuka na mlingoti unaelekea ukutani. Mimi nilishika ya omo kushoto. Sikuweza kumwona Mzee kule tezi, nyuma ya chombo, lakini mkono wake niliuhisi kupitia chombo chenyewe: kila nilipovuta, upande wake ulijibu. Usiku tulilala ziwani, tumefungwa kwenye boya kubwa, hakuna ruhusa ya kushuka pwani. Watoto walimzunguka Mzee sitahani akawafundisha fundo la kitanzi kisichoteleza, na yule mdogo akalala na kipande cha kamba mkononi.

Kutoka Panama hadi visiwa vya Marquesas, katika Pasifiki ya Kusini, ni karibu maili 3,800 za baharini. Kwa vyombo vyetu, hiyo ni mwezi mzima na ushee bila kuona nchi. Vyombo kumi na kimoja tulipatana kuzungumza kila jioni kwa redio ya masafa marefu: kila mmoja anataja mahali alipo, upepo, kipimo cha hewa, na neno "wazima". Ukisikia hivyo utadhani ni taarifa kavu. Lakini mimi nilikuwa nikiingoja saa ile tangu adhuhuri. Nilijifunza kusikia uchovu ndani ya tarakimu. Nilijua nani amegombana na mwenziwe kwa jinsi anavyotaja latitudo.

Siku ya kumi na tisa, Mzee hakujibu. Siku iliyofuata pia kimya. Siku ya tatu hakuna aliyetaka kufunga mazungumzo. Tulikaa tu redioni, kila mmoja akisikiliza mchakacho. Ndipo nahodha mmoja, mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anageuza njia kwenda pale Mzee alipopaswa kuwa. Ilikuwa maili 60 pembeni mwa njia yake. Redio ndogo ya VHF haifiki mbali, inakwenda pale mlingoti unapoweza kuona mlingoti, maili 20 hivi ikiwa bahati ni njema, na ndiyo sababu ilibidi asogee. Kesho yake jioni akatuambia: amemwita kwenye chaneli 16, ile ya miito na dharura, ameitikiwa. Mtambo wa kuchaji umekufa, betri zimekwisha, injini haiwaki, redio ndogo ya mkononi imebakiwa na chaji ya dakika chache. Mzee ni mzima na anasafiri kwa tanga. Mume wangu aliweka kipaza sauti chini, akatoka nje gizani, akakaa huko kwa muda mrefu.

Sisi tulifika Nuku Hiva, mojawapo ya visiwa vya Marquesas, siku ya 34. Mzee alitokea siku ya 43, alasiri, mbele ya Ghuba ya Taiohae, kati ya vile visiwa viwili vinavyolinda mlango. Pale milima hukata upepo. Tanga likamlalia, mawimbi ya kusini yakaanza kumsukasuka, na injini hana. Alikuwa amemwambia yule aliyempata baharini kwamba akifika atangoja upepo nje, hata ikiwa siku mbili, asisumbue mtu. Hakuna aliyeitisha mkutano. Nilipofungua kamba ya boti yetu, nyingine tano zilikuwa tayari njiani. Tukamfunga kamba, boti sita za mpira na vijiinjini vyao vidogo, tukamvuta kwa mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Yeye alisimama kwenye usukani, kofia mkononi, na hakusema neno mpaka nanga ilipogusa chini.

Nisiseme kwamba yote yalikuwa hivyo. Kuna hatari inayokuja na urafiki huu, na nimeionja. Tukiwa Bora Bora tulipatana na ile familia ya watoto wawili kufuatana hadi kisiwa cha Niue, zaidi ya maili 1,000, na kuondoka siku moja. Asubuhi ya kuondoka kipimo cha hewa kilikuwa kinashuka, dalili ya dhoruba. Nilikiona. Mume wangu alikiona. Lakini wao walikuwa wanang'oa nanga, na sisi hatukutaka kuonekana tunavunja ahadi. Tulipigwa usiku tatu na upepo uliofika noti 40, kama kilomita 74 kwa saa, tanga la mbele likapasuka, na mtoto wao mkubwa akateguka mkono alipoangushwa kutoka kitandani. Tulipokutana Niue, mama yao aliniambia huku midomo inamtetemeka: "Sisi tuliona mnajiandaa, tukaona haya kubaki."

Kila upande uliondoka kwa ajili ya mwingine. Tulilia wote wawili, mimi na yeye, tumekaa kwenye ngazi za gati. Tangu siku ile tukawekeana mwiko: kila nahodha anaamua peke yake, na anayesema "mimi nabaki" haulizwi sababu. Urafiki wetu ulikuwa mzuri kabla ya Niue, ila ulikuwa bado unajipendekeza. Baada ya hapo nilijua nikimwuliza kitu ataniambia anachokiona. Ndiye aliyenieleza, miezi miwili baadaye, kwamba nazungumza na mume wangu kama ninatoa amri hata tukiwa tumefunga gatini. Niliumia. Alikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Oktoba ikielekea mwisho, vyombo vingi hujikusanya Vava'u, kaskazini mwa Tonga, kwa sababu msimu wa vimbunga wa Pasifiki ya Kusini huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Wengine hushuka New Zealand, safari ya maili 1,200 hivi. Wengine hupanda kuikaribia ikweta, ambako vimbunga ni nadra. Kwa hiyo watu walioishi pamoja msimu mzima wanatawanyika ndani ya wiki mbili, kila mmoja kwa upepo wake. Mzee alikuwa hajaamua. Jioni moja aliniita, akanipa furushi la ramani za Bahari ya Hindi, zile walizotumia yeye na mkewe, zimejaa maandishi ya penseli: hapa nanga haishiki, hapa mkondo unakupeleka usikotaka, hapa kuna mtu mwema. Mwandiko wa mkewe ulikuwa mdogo, umelala upande mmoja.

Kupokezana vitu vya namna hiyo ni jambo la zamani. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alipotia nanga Samoa alipokewa na mjane wa mwandishi Robert Louis Stevenson, na mama yule akampa vitabu vya mwongozo wa baharini vilivyokuwa vya mumewe. Mtu akishamaliza safari, ramani yake haifai kukaa kabatini.

"Kuna moja bado naitafuta," Mzee aliniambia. "Ya Azores. Nitakuletea kabla hamjaondoka."

Siku mbili baadaye taarifa ya hali ya hewa ikatufungulia njia. Tuling'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Tulipopita karibu na chombo chake kidirisha kilikuwa giza, nami nikamwambia mume wangu, acha alale, tutakutana New Zealand. Ukweli ni kwamba siwezi kuagana. Tangu utotoni sijui kusimama mbele ya mtu ninayempenda na kumwambia kwaheri, na bahari ilikuwa imeshaniagisha watu wengi mno mwaka ule. Nilichagua njia isiyoniuma mimi.

Hakuja New Zealand. Macho yalikuwa yamemzidia. Aliacha chombo mahali salama akarudi kwao kutibiwa, na mwaka uliofuata akakiuza. Barua pepe yake ya kwanza ilinifikia Desemba. Alieleza habari za madaktari kwa mistari miwili, kisha akaandika: "Ile ramani niliipata. Nilipowaletea asubuhi, mahali penu palikuwa maji matupu."

Hakuwa analalamika, ninamfahamu. Alikuwa anaeleza alichokiona. Nilimjibu siku ile ile nikamwomba radhi kwa maneno niliyopaswa kuyasema Vava'u, na tumeandikiana tangu hapo, yeye akimsomea mjukuu wake imla. Lakini asubuhi ile hairudi.

Siku hizi, kabla ya kung'oa nanga, ninashuka kwenye boti ya mpira na kuzunguka chombo kwa chombo. Nagonga ubavuni. Nasema naondoka, nasema ulinifaa kwa hili na hili. Huko kisiwani Saint Helena shughuli hiyo ilikula asubuhi nzima na upepo mzuri ukatupita. Bado ninatetemeka kila mara. Watu wengine nao hawajui kuagana. Wanaanza kukuonyesha kitasa kilichovunjika ili usimame kidogo zaidi, na mimi nasimama.

Katika mojawapo ya barua zake Mzee alitaja Horta, kisiwani Faial, katika visiwa vya Azores. Kuta za bandari ile zimejaa michoro ya vyombo vilivyopita, maana mabaharia wanaamini kwamba ukiondoka bila kuacha mchoro unajitafutia nuksi. Yeye na mkewe walichora ndege mweupe ndani ya duara la bluu. Mwaka jana tulipofika huko tukirudi Atlantiki ya Kaskazini, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kumtafuta ndege yule. Nilipita kwenye ukuta huku nimeinama, hatua kwa hatua. Michoro ya zamani imefifia, mingine imepakwa juu yake mipya, tabaka juu ya tabaka.

Msichana mmoja aliyekuwa akifua kamba za chombo chao alinitazama muda mrefu, kisha akaja kuniuliza natafuta nini. Nilipomweleza akaanza kutafuta kutoka mwisho wa pili. Yeye ndiye aliyemwona. Kulikuwa na mchoro mkubwa wa nyangumi, rangi bado zinang'aa, na ukingoni mwake limechomoza bawa moja jeupe na kipande cha bluu kisichozidi upana wa kiganja.

Hatukutaka kumfuta nyangumi wa watu. Pembeni palikuwa na nafasi tupu yenye urefu wa mkono hadi kiwiko. Kesho yake msichana alinikuta nikifungua mkebe wa rangi. Amekuja na brashi mbili, moja nyembamba kwa ajili ya manyoya. Alichuchumaa upande wa upepo akaushika mkebe usipinduke, nami nikaanza na bawa, nikalifuata lile la zamani kadiri nilivyoweza kuliona. Tulipofika kwenye mdomo wa ndege akaniuliza kama chomboni kwetu kuna mtu anayejua pampu za maji, maana ya kwao inavuja tangu juzi na baba yake amekwisha kuifungua mara tatu.

Nikamwambia tukaushe brashi kwanza, halafu twende.